Binti wa kidato cha tatu amezama kwenye roki za miaka ya 70, sasa anataka gitaa la umeme. Nimkubalie?

Mama Wawili Moro

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri, wa kunitukana apite kimya kimya.

Nina binti wa miaka 16, yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Morogoro. Wenzake mtaani ni singeli, amapiano na Bongo Fleva. Yeye ukiingia chumbani kwake unakuta magitaa yanalia, wazungu wanapiga kelele, tena wazungu wa zamani, wengine marehemu. Queen, Led Zeppelin, Pink Floyd, siku akiwa na hasira Nirvana. Nilimuuliza hizi nyimbo kazitoa wapi, akanijibu, "Mama, zipo tu." Kama vile mimi ndiye niliyechelewa kufika.

Nikasema upepo, utapita. Haukupita. Likizo ya Desemba nikamkuta kakaa na kipande cha ubao mapajani. Kakichora mistari sita kwa kalamu ya wino, na mingine ya kukatisha kwa upana, simu kaiegemeza kwenye kikombe, mtu anafundisha gitaa, yeye anabonyeza ubao na kuhesabu mdomoni. Ubao hautoi hata mlio. Kaushika kinyume na yule mwalimu wa kwenye simu, maana yeye anatumia mkono wa kushoto tangu mdogo.

Ndiyo sasa kaja na ombi: gitaa, na si gitaa tu, la umeme. Baba yake kasema amalize kidato cha nne kwanza. Dada mmoja tunayesali naye kaniambia hizo ni nyimbo za frimasoni, ukizipiga kwa kurudisha nyuma zinamtaja shetani. Mimi siamini sana, lakini na usingizi sipati vizuri.

Je, kwa watoto wenu hali hii ipo, kijana wa leo kupenda muziki wa kabla hata mama yake hajazaliwa? Na kama ni gitaa, nianzie wapi? Nawasilisha.

Kijiti Kikavu

Nimeshika siti ya mbele. Wangu anaimba singeli mpaka bafuni, nipo tayari tubadilishane.

Mzee wa Santuri

Marahaba mama. Mimi nilikuwa kijana Dar miaka ya sitini mwishoni, kwa hiyo niache niseme kidogo.

Mwaka 1969 vijana wa TANU walikuwa barabarani na Operesheni Vijana, ole wako ukutwe na sketi fupi au suruali ya kubana. Mwisho wa mwaka huo huo muziki wa soul, ule wa Wamarekani weusi, ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Wazee wetu walikuwa na hakika kwamba James Brown atatuharibu. Tuliharibika kiasi chake, ila ukituuliza mmoja mmoja, James Brown humtajiwi.

Halafu usidhani magitaa ya namna hiyo hayakufika kwetu. Miaka ya sabini Dar ilikuwa na bendi inaitwa Sunburst, roki na ngoma za Kiafrika kwenye chungu kimoja. Albamu yao, Ave Africa, ilitokea Zambia mwaka 1976. Ikasahaulika kabisa, mpaka 2016 kampuni ya Uingereza ilipoitoa upya, na walioinunua si sisi wazee, ni vijana wa Ulaya wanaotafuta santuri za Afrika usiku na mchana. Hukohuko Zambia ndiko roki ilikoota mizizi hasa, wenyewe wanaiita Zamrock. Bendi ya WITCH, ambayo mwimbaji wake alijiita Jagari kwa kumuiga Mick Jagger wa Rolling Stones, ilitoa albamu mpya mwaka 2023. Babu mzima, anazunguka na bendi ya watoto.

Binti yako mpigie hao. Usimwambie ni wa wapi mpaka amalize kusikiliza.

Bishoo Mstaafu

Mzee nakuheshimu, ila tusidanganyane. Vijana hawapendi roki, wanapenda fulana. Pita mnadani palipomwagwa marobota ya mitumba: AC/DC, Metallica, Nirvana, tele. Dogo kavaa uso wa Kurt Cobain, yule mwimbaji wa Nirvana, kifuani, muulize huyu nani, anakwambia ni Yesu. Nimemuuliza mimi mwenyewe, bodaboda wa mtaani kwetu. Mama, subiri tu, atahamia kwingine.

Mama Wawili Moro

Bishoo umenichekesha. Fulana anayo, ile nyeusi yenye pembetatu na upinde wa mvua, kaipata mnadani kwelikweli. Lakini mtu anayefuata fasheni atakaa na ubao usiolia jioni nzima ili aonekane na nani? Mlango ulikuwa umefungwa.

Bishoo Mstaafu

Hapo sina jibu. Hiyo pembetatu ni Pink Floyd, 1973. Naijua kwa sababu na mimi ninayo.

Data Mezani

Mtoa mada, "zipo tu" ni jibu sahihi kuliko unavyodhani.

Zamani wimbo wa 1975 ungekufikia kwa njia chache: redio, kaseti ya kaka, au mtu katoka safari na santuri. Leo wimbo wa 1975 na wa juzi umepangwa foleni moja kwenye simu, hauna vumbi wala jalada lililochanika. Mtoto hajui kwamba anasikiliza cha zamani mpaka umwambie. Mwaka 2020 jamaa mmoja Marekani alijirekodi kwenye skateboard (ubao wa magurudumu), anakunywa juisi, nyuma yake unapigwa Dreams wa Fleetwood Mac. Video ikasambaa TikTok na wimbo wa 1977 ukarudi kwenye chati. Mwaka 2022 tamthilia ya Stranger Things ikatumia Running Up That Hill wa Kate Bush, wa 1985, ukapanda hadi namba moja Uingereza, miaka 37 tangu utoke. Waliousukuma hawakuwa wazee.

Ila msibebwe na takwimu za mitandaoni kwamba asilimia 70 ya muziki unaosikilizwa Marekani ni "wa zamani". Wenye hesabu hizo wakisema wa zamani wanamaanisha wowote uliozidisha miezi 18 tangu utoke. Kwa kipimo hicho hata wimbo wa Diamond wa mwaka juzi ni zilipendwa.

Kwa hapa kwetu, kwa macho yangu tu, wapenzi wa roki ni wachache na wametawanyika. Darasani atakuwa peke yake, mtandaoni ana wenzake maelfu. Mimi mzazi ningeangalia hapo, anaongea na nani huko. Muziki ningeuacha.

Binti Shangani

Naandika kutoka Mji Mkongwe. Yule Freddie Mercury wa Queen ni mzaliwa wa hapa hapa Unguja, 1946, jina la kwao Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi. Waliondoka 1964 wakaenda Uingereza. Tangu 2019 kuna makumbusho yake Shangani, na mimi kazini kwangu napita hapo kila siku.

Wanaopiga picha pale nje wengi ni wadogo. Freddie alifariki 1991, wengi wao hata kuzaliwa bado. Ukiwauliza wanakwambia ile filamu ya 2018 ya Freddie na Queen ndiyo iliyowaleta, wengine wanakwambia baba. Hao lakini ni wageni. Vijana wetu wa Unguja wanapita na mizigo yao wala hawageuzi shingo, na sioni kwa nini tuwalaumu, hakuna aliyewapigia nyimbo zenyewe. Binti yako akija likizo mlete. Kiingilio kipo, usije mikono mitupu.

Mwinjilisti wa Gitaa

Bwana asifiwe dada. Nimepiga gitaa kanisani miaka mingi, kwa hiyo habari ya frimasoni niachieni mimi.

Madai ya nyimbo kurudishwa nyuma yalivuma Marekani miaka ya themanini mwanzoni, Stairway to Heaven wa Led Zeppelin ukiwa mshitakiwa mkuu. Mwaka 1990 bendi nyingine, Judas Priest, ilifikishwa mahakamani Nevada kwa madai ya maneno yaliyofichwa ndani ya wimbo. Sauti zikachambuliwa mbele ya jaji, mwisho akaamua bendi haiwajibiki. Ukirudisha nyuma kwaya yoyote utasikia unachotaka kusikia, nimejaribu na ya kwetu.

Na huyo dada mnayesali naye mtafutie video za Sister Rosetta Tharpe. Mama mweusi, mzaliwa wa Arkansas 1915, kalelewa kwenye kanisa la Kipentekoste, mama yake mhubiri. Utaona kavaa koti zuri, anamwimbia Yesu, kakamata gitaa la umeme, na vidole vyake vinafanya kile ambacho Chuck Berry na Elvis walikuja kusifiwa nacho baadaye. Hiyo roki chanzo chake kipo kwa weusi, na mguu wake mmoja ulikuwa madhabahuni.

Nisikufariji kupita kiasi, lakini. Ushetani wa kurudisha nyuma sijausikia, ila ukiupiga wimbo kwa mbele, kuna mashairi ya dawa za kulevya na ya kukata tamaa. Kurt Cobain alijiua akiwa na miaka 27. Kaa naye, mwambie akutafsirie wimbo mmoja anaoupenda, ubeti kwa ubeti. Usihukumu, uliza tu. Utajua yaliyomo kichwani mwake kuliko kupekua simu.

Mama Wawili Moro

Asante mtumishi, hilo la kunitafsiria nitalifanya, na Kiingereza chake kitapimwa hapohapo. Sasa gitaa jamani. Hakuna mtu wa gitaa humu?

Fundi Nyuzi

Nipo. Natengeneza vyombo, Dar.

Wengi watakwambia aanze na gitaa kavu kwa sababu ni rahisi na halihitaji ampli, yaani kikuza sauti. Mimi nasema mtoto apewe sauti aliyoipenda. Kavu la nyuzi za chuma linauma vidole mwezi wa kwanza, na hapo ndipo wengi wanapolitundika ukutani. La umeme nyuzi zake ni nyembamba na laini zaidi. Ampli iwe ndogo, yenye tundu la hedifoni, majirani wasijue kitu. Kikwazo ni bei tu, maana unanunua gitaa, ampli na waya, na umeme ukikatika kazi imesimama. Mfuko ukigoma, chukua kavu la nyuzi za nailoni, hilo lina huruma na vidole.

Ukienda Kariakoo usiangalie rangi. Shika shingo, angalia kwa jicho moja kutoka kichwani kuelekea mwilini kama imepinda. Halafu tazama freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukatisha shingoni), yaani katikati ya uzi: uzi ukiwa juu sana kutoka kwenye ubao, mtoto atabonyeza mpaka alie. Mengi ya bei rahisi yana ugonjwa huo, mengine yanatibika, mengine hapana.

Suala la kushoto ndilo zito. Gitaa la kushoto ni adimu na bei iko juu. Wapo wa kushoto wengi wanaopiga la kulia bila shida, kwa sababu mikono yote miwili inafanya kazi ngumu. Wako lakini kashajifunza kwa upande wake, hata kama ni ubaoni. Jimi Hendrix alichukua gitaa la kulia akaligeuza na kupanga nyuzi upya. Linawezekana, ila si kuhamisha nyuzi tu: kile kipande chenye vijinafasi pale kichwani mwa shingo lazima kibadilishwe, maana nafasi ya uzi mnene haishiki uzi mwembamba, utacheza cheza na kulia vibaya.

Mzee wa Santuri

Na mwalimu unamtafuta wapi wakati uko Morogoro? Huo ni mji wa Mbaraka Mwinshehe! Bendi yake, Morogoro Jazz, walikwenda kupiga Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970. Mbaraka alifariki kwa ajali Januari 1979, lakini waliokulia kwenye muziki ule bado wapo. Ulizia mpigaji yeyote wa bendi za dansi mwenye umri. Atamfundisha magitaa ya solo, ridhimu na besi yanavyopishana bila kugongana, jambo ambalo huyo wa kwenye simu hana muda nalo. Mtoto akisikia solo la Mbaraka kwa makini atashangaa kwamba na huku kulikuwa na watu.

Bishoo Mstaafu

Mzee, tusimlazimishe zilipendwa. Sisi tulilazimishwa, tukazikimbia. Mwalimu amfundishe wimbo anaoutaka yeye kwanza.

Mzee wa Santuri

Hapo nakubali. Kwa shingo upande.

Mama Wawili Moro

Mrejesho. Baba yake kasoma uzi wote kimya, kaishia kwa Mbaraka. Anasema marehemu babu yao alikuwa na santuri zake na hakuna aliyejua zilikokwenda. Kalegeza: gitaa kavu sasa, la umeme matokeo ya kidato cha nne yakitoka.

Binti kajibu kwamba kavu la kushoto halipo Morogoro nzima, ameshazunguka madukani na mwenzake. Kumbe msako ulianza kabla ya ombi. Fundi, nikipata la kulia lenye nyuzi za nailoni, unaweza kuligeuza? Bei tuongee PM.

Fundi Nyuzi

Naweza, ni kazi ya siku moja. Ila usilinunue bila yeye kulipakata, na mkija njooni asubuhi, mchana mafoleni ya Kariakoo yatawamaliza.