Mchango wa Vifaa vya Mtoto: Gumzo la Kikundi cha Familia

Kaka Mkubwa (Kampala): Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mchango wetu kwa ajili ya mtoto wa mdogo wetu umefika shilingi 310,000, na Jumamosi nitakwenda soko la Owino kununua vitu. Nimeona kigari cha magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea, chenye meza ya vichezeo vinavyolia, nami nimekipenda. Naomba maoni yenu kabla sijalipa.

Shangazi (Jinja): Waaleikum salaam, mwanangu, na ahsante kwa kazi ya kukusanya. Kigari hicho nakuomba ukiache palepale. Mwanangu wa pili nilimnunulia, na siku moja, akiwa na miezi tisa, alisukuma miguu mara mbili tatu tu akavuka sebule mpaka barazani, ambako birika la chai lilikuwa likichemka juu ya sigiri. Nilimdaka kwa ukosi wa shati mkono wake ukiwa umeshafika kwenye mpini. Birika lilipinduka upande wa pili, na mlio wa ule mfuniko ukibingirika kwenye saruji ninausikia hadi leo.

Dada Muuguzi (Mbale): Shikamoo, Shangazi. Pole sana, na ninakuunga mkono. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wa vigari hivyo mwaka 2004 kwa sababu ya watoto walioumia, wengi wao kwa kuporomoka kwenye ngazi. Wala havimharakishi mtoto kutembea, kwa maana misuli yake hupata nguvu anapojiviringisha, anapotambaa na anapojiinua kwa kushika kiti. Kaka, fedha hizo zinunue mkeka mzuri.

Kaka Mkubwa: Nimekubali. Je, chupa sita za maziwa pamoja na chombo cha kuzichemshia?

Dada Muuguzi: Miezi 6 ya kwanza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila hata maji. Mama akirudi kazini, maziwa aliyoyakamua yanaweza kunyweshwa kwa kikombe kidogo kilicho wazi, mtoto akiwa amekalishwa wima na kuachwa ayalambe mwenyewe bila kumiminiwa. Kikombe unakiosha kwa sabuni ukaona kwa macho kwamba kimetakata, ilhali chuchu ya chupa ina vipembe ambamo maziwa huganda na kuzaa vijidudu vya kuharisha. Nunua vikombe viwili visivyo na kingo kali.

Mdogo Wenu (Kawempe): Nawashukuru nyote kwa moyo wenu. Jirani ameniambia kwamba mtoto lazima awe na mto mdogo, ili kichwa kipate umbo zuri.

Dada Muuguzi: Hapana, mpenzi wangu. Mtoto mchanga hulazwa chali juu ya godoro lisilobonyea, bila mto wala mablanketi mazito karibu na uso, kwa kuwa hana nguvu ya kujiondolea kitu kinachomziba pumzi. Chandarua chenye dawa ulichopewa bure kliniki kinawatosha wewe na mtoto, mradi ukichomeke vizuri chini ya godoro. Beseni pana la kuogea linahitajika, na maji yapimwe kwa kiwiko.

Bibi (Bombo): Wajukuu zangu, mbona hakuna aliyetaja leso ya kumbebea mtoto? Baba yenu nilimbeba mgongoni nikiwa shambani na nikiwa sokoni. Magoti ya mtoto yapande juu kuliko makalio, mapaja yakumbatie kiuno chako, na uso usifunikwe kamwe.

Dada Muuguzi: Shikamoo, Bibi. Ndivyo tunavyofundisha wodini, kwa sababu miguu ikikaa hivyo nyonga hukua vizuri, lakini ikinyooshwa na kubanwa pamoja, nyonga huweza kuteguka.

Bibi: Marahaba. Basi leso asinunue mtu. Ninazo mbili za pamba, zimefuliwa hadi zimelainika, na Ijumaa nitampa dereva wa teksi ya asubuhi azishushe Kawempe. Mjukuu wangu, uwe stejini saa tatu.