Bibi anapelekwa kwa Waitaliano (gumzo la familia, London)

Zuhura: Assalamu alaykum. Menyu ya mchana ya Alhamisi ya ule mgahawa wa Kiitaliano ndiyo hii, sahani tatu kwa pauni 42 kila mtu. Tuko watano pamoja na Bibi. Nithibitishe?

Mjomba Idi: Waalaykum salaam. Soma kwanza yale maandishi madogo. Pale kwenye ndama pana +8?

Zuhura: Ipo. Nilidhani namba ya sahani 😅

Dada Mwanaidi: Ni nyongeza kwa kila anayemchagua. Hesabu: 5 × 42 = 210. Wawili wakitaka ndama, 16. Chupa mbili za maji kwa 6, 12. Kahawa tano kwa 4.50, 22.50. Jumla 260.50. Huduma asilimia 12.5, yaani 32.56. Inafika 293.06. Kila kichwa karibu 59, na zeituni hatujagusa.

Zuhura: Lo! Maji tu 12?

Dada Mwanaidi: Mhudumu akiuliza ya mapovu au ya kawaida, anauza chupa huyo. Sema ya bomba. Penye leseni ya kuuza pombe hapa England, ukiomba lazima wakupe bure.

Shangazi Rukia: Mie bei siulizi, nauliza nguruwe.

Mjomba Idi: Shemeji, haandikwi kwa jina lake. Guanciale ni shavu lake, pancetta tumbo, speck paja. Ragù, mchuzi wa nyama, mara nyingi ni ng'ombe na nguruwe pamoja, na mvinyo ndani. Kwenye vitamutamu, panna cotta ina jelatini, tiramisu hutiwa Marsala, yaani mvinyo, au ramu. Bresaola, nyama ya kukaushwa, ni ng'ombe, ila kachinjwaje hilo ni swali jingine.

Shangazi Rukia: Basi Bibi ale ile risotto, wali wao wa zafarani.

Mjomba Idi: Nayo ina mvinyo, hutiwa mchele ukishakaangwa na siagi, kabla ya supu. Ya kimila ya Milano hutiwa na uboho wa ng'ombe. Kusema mezani ni kuchelewa: majiko mengi huupika mchele nusu asubuhi, dakika kumi hivi, wakautandaza kwenye sinia upoe. Ukiagizwa wanaumalizia dakika sita saba. Mvinyo umeshaingia! Zuhura, andika leo kwenye ombi la meza: bila mvinyo, supu ya mboga, wamalizie kwa siagi tu. Jibini la Parmigiano wanalomalizia nalo hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Wakijua mapema wataanza sufuria mpya, dakika 17 au 18.

Shangazi Rukia: Ataurudisha, namjua. Wali una kiini, halafu umelegea kama bokoboko.

Mjomba Idi: Ndivyo unavyotakiwa 😂 Kiini kidogo katikati ya punje, na ukiinamisha sahani utembee taratibu kama wimbi. Ukija umesimama kilima, ulisubiri mhudumu kwenye kaunta ya jikoni, wanga ukashika. Huo ndio wa kurudisha. Na aanzie kula pembezoni, katikati hubaki na moto.

Dada Mwanaidi: Au samaki wa kuchoma, mchuzi uje pembeni. Zuhura, chukua saa sita na nusu mchana. Uliza meza wanaitaka irudi saa ngapi, wengi hutoa muda wa saa moja na nusu tu, na Bibi hakimbizwi. Wakitaka namba ya kadi, soma masharti ya kughairi, wanaweza kukata pesa kwa kila kichwa.

Zuhura: Ile 12.5 lazima?

Dada Mwanaidi: Ikiandikwa ni ya hiari, unaweza kuomba itolewe. Lakini tangu Oktoba 2024 sheria inataka iwafikie wafanyakazi yote, mimi ningeiacha. Angalia tu mashine ya kadi isikudai bakshishi ya pili.

Zuhura: Nimetuma. Watano, Alhamisi, risotto moja bila mvinyo wala jibini, maji ya bomba.

Shangazi Rukia: Na kahawa tutakuja kunywa kwangu. 4.50 kwa kikombe, mna wazimu?