Tupeane uzoefu: faili za sauti za kujaribia mnazitengenezaje?

mlio440:
Wakuu, habari za jioni. Naanza na aibu yangu. Nilikuwa natengeneza app ya kusikilizia mahubiri, na kwenye folda ya majaribio nikatupia bongofleva tatu za MP3 kutoka kwenye simu. Mteja alipoomba msimbo wote, nyimbo zikaenda nao. Akanipigia: "Hizi umezilipia?" Nilikosa pa kuficha uso.

Tangu hapo natumia SoX (programu ya sauti ya kuandikia amri), natengeneza mlio wangu mwenyewe kwa Ogg Vorbis, aina ya faili ya sauti kama MP3:

`sox -n jaribio.ogg synth 10 sine 440`

Sekunde 10 za Hz 440, na hakuna wa kunidai. Vorbis yenyewe ilishika kasi baada ya Fraunhofer, taasisi ya Ujerumani yenye hataza za MP3, kutuma barua mwaka 1998 za kutaka malipo ya leseni za MP3. Chris Montgomery na wenzake wa Xiph.Org wakatoa toleo la 1.0 mwaka 2002, halina mrabaha (hulipi kulitumia). Hataza za MP3 kule Marekani ziliisha 2017, kwa hiyo hoja hiyo imepoa, ila mimi nishazoea. Nyie je? Hata yaliyowatokea puani leteni.

mitambo_fm:
Mkuu, mlio mmoja usiuamini. Niko redio ya jamii. Tulifunga mitambo mipya, tukapiga 440 pande zote mbili, mishale ya vipimo vya sauti ikacheza vizuri, tukaenda kula. Jioni tukarusha mahojiano yaliyorekodiwa mtangazaji kushoto, mgeni kulia. Hewani ikawa hivi: mtangazaji anauliza, kimya. Anashukuru kwa jibu zuri. Anauliza tena, kimya. Wasikilizaji wakadhani ni kichekesho.

Kumbe waya wa kulia ulikuwa umekufa, na wa kushoto ndio ulikuwa unalisha pande zote mbili. Siku hizi naweka `synth 10 sine 440 sine 660`. Kushoto 440, kulia 660, naziba sikio moja baada ya jingine.

zamu_ya_usiku:
Huyo mgeni wa kimya ameniua 😂

Yangu ni ya seva. Kila usiku skripti ilikuwa inatengeneza Ogg kwa oggenc (programu ya kugeuza sauti kuwa Ogg) kutoka mlio uleule, halafu inalinganisha md5, yaani alama ya kidole ya faili, na ya jana. Kila asubuhi nyekundu, hazilingani. Wiki nzima nikimshuku kijana wa zamu kwamba anagusa vitu, hadi tukanuniana. Nilipofungua baiti moja moja ndipo nikaona: kila mkondo wa Ogg hupewa namba yake ya bahati nasibu. Sauti ni ileile, baiti tofauti. Nilimnunulia kijana chipsi kuku, yakaisha.

Kwa kazi ya kulinganisha nimehamia FLAC, aina nyingine ya faili ya sauti. Nayo ni huru, haipotezi kitu, na kichwani inabeba md5 ya sauti ghafi yenyewe. `flac -t` inakuambia kama imeharibika.

mgeni_jamvini:
Mimi mfupi. Faili yangu ya sekunde 60 ilikuwa inaisha kwa 55 na mlio umepanda kidogo. Nikalaumu kila kitu. Ilikuwa ni sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde zinazochezwa kana kwamba ni 48,000. Tangu hapo faili zangu huwa sekunde 60 kamili, natega saa.

Na kwa wa ffmpeg (programu nyingine ya amri ya sauti na video): mlio wa `sine` yake hutoka na ukubwa wa moja ya nane tu ya kiwango cha juu. Mtu asiongeze sauti ya amplifaya kwa kuifuata hiyo, halafu akaweka muziki wa kawaida. Spika yangu moja ililipia.

mlio440:
Pole ya spika mkuu. @mitambo_fm nimejaribu hiyo ya 440 na 660 sasa hivi kwenye app yangu, kwa hedifoni zangu za kazi. Kulia nasikia 440. Nimebadilisha hedifoni, bado. Kumbe app imewapindulia watu pande mbili tangu niizindue, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.