Naomba ushauri: mtafiti mkuu analipwa na kampuni ya dawa tunayoijaribu

Ndugu wanachama, poleni na majukumu.

Mimi ni muuguzi katika jaribio la dawa ya kisukari kwenye hospitali moja hapa Tanzania, na kazi yangu kubwa ni kuwaeleza wagonjwa fomu ya ridhaa kabla hawajatia saini. Hivi karibuni nimefahamu kwamba mtafiti wetu mkuu hulipwa na kampuni inayotengeneza dawa hiyo ili atoe mihadhara, jambo ambalo halimo katika fomu wala katika nakala ya itifaki (mpango rasmi wa utafiti) niliyo nayo. Simtuhumu kupotosha matokeo, na malipo ya namna hiyo si lazima yawe haramu. Lakini Azimio la Helsinki, yaani mwongozo wa Chama cha Madaktari Duniani kuhusu maadili ya utafiti wa kitabibu, linataka mshiriki aelezwe vyanzo vya fedha na migongano ya maslahi. Tena kisa cha Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 aliyefariki mwaka 1999 katika jaribio la tiba ya jeni kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako kiongozi wa utafiti alikuwa na hisa katika kampuni iliyohusika, hakinitoki akilini kila ninapomkabidhi mgonjwa kalamu.

Nimemuuliza mtafiti wetu mkuu mwenyewe kwa adabu, akajibu kwamba hayo ni mambo yake binafsi.

Naomba kujua: je, nianzie kwenye kamati ya maadili ya hospitali, au niandike moja kwa moja NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu)? Na wagonjwa waliokwisha kutia saini, je, inapasa waelezwe upya na kuombwa ridhaa nyingine?