MREJESHO: Mdogo wangu na chuo cha maendeleo ya wananchi

Wakuu, heshima kwenu. Mwaka jana niliomba ushauri kuhusu mdogo wangu aliyeacha shule kidato cha pili kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania inaruhusu kurudi sekondari, lakini wengi mlinishauri chuo cha maendeleo ya wananchi, yaani chuo cha kujifunza ufundi pamoja na masomo ya kawaida. Alienda, na juzi nilihudhuria kikao cha wazazi cha kufunga mwaka.

Kilichonigusa ni chumba cha watoto. Akina mama wako darasani, watoto wako jengo la pili na mlezi. Ikifika mapumziko mama anavuka uwanja, ananyonyesha, anarudi kwenye hesabu zake. Mpwa wangu ameshazoea, hata halii tena.

Mkuu wa chuo hakuficha kitu: cherehani hazitoshi, wanapokezana, na wanaotoka mbali wamehangaika sana na nauli. Nilimheshimu kwa hilo. Kisha binti mmoja wa umeme wa majumbani akafunga swichi na soketi mbele yetu, akapima kwa testa, taa ikawaka. Ukumbi mzima vigelegele!

Vyuo hivi vipo tangu 1975, mfano ukitoka Sweden, na vya serikali ni 54. Inaniuma kwamba wazazi wengi hawavijui.

Mdogo wangu anaendelea na ushonaji, na kidato cha nne atafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Asanteni sana. Mwenye cherehani ya miguu anayoiuza, iwe nzima, anijulishe.