Naomba ushauri: baba ni mgonjwa, lakini tunaoulizwa ni sisi watoto

Ndugu zangu, baba yetu mwenye umri wa miaka 79 amegundulika kuwa figo zake zimefikia hatua ya mwisho, na daktari amependekeza asafishwe damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa muda wa takriban saa nne kila mara. Maelezo hayo tulipewa sisi watoto kando, ilhali mzee ana akili timamu. Kaka yetu mkubwa anataka tuamue kwa niaba yake ili asiingiwe na hofu. Mimi naona si haki, kwa kuwa mwili ni wake na ndiye atakayebeba uchovu wa safari na sindano hizo. Najua wapo wazee wanaopenda kuelezwa kila kitu, kisha uamuzi wenyewe wakamwachia daktari au mtoto wanayemwamini, na wapo wanaochagua kutulizwa dalili tu bila mashine. Baba hatujamuuliza yeye anapenda lipi.

Kwa mliouguza wazazi, na kwa wauguzi na madaktari: nianzeje mazungumzo haya bila kumvunja moyo, na nimwombeje daktari azungumze naye ana kwa ana pasipo kumkosea kaka heshima?