Shanga za bi harusi: uzi gani usiokatika, na bangili pana hushonwaje?

bint_kuze:
Assalaam alaykum wadau. Mie natunga shanga nyumbani, hapa Mji wa Kale. Vikuku, vipuli na shanga za kiunoni nawauzia majirani, na wageni wanaopita kwenda Fort Jesus. Sasa somo wa bi harusi mmoja ameniagiza seti nzima: mkufu, vipuli na bangili mbili pana za vidole vitatu, nyekundu na dhahabu.

Natumia mshipi mweupe wa nailoni. Kwenye mkufu sina neno nao, ila vikuku hukatika, na ni palepale kila mara, karibu na kishikizo. Halafu kitu kipana sijawahi kushona. Nimeona picha za shanga zimelala kama mkeka, uzi hauonekani. Hiyo wanafanyaje? Na kishikizo gani kitahimili chumvi hii yetu? Vya bei rahisi hushika kutu vingali kabatini.

Tafadhali msiniambie ninunue zilizo tayari. Somo keshasema vya dukani hataki.

mvuvi_likoni:
Ya shanga siyajui, ya mishipi nayajua. Huo mweupe ni uzi mmoja mzima. Ukipigwa na jua siku nyingi unakakamaa, na ukiukunja haurudi sawa. Nenda duka la zana za uvuvi uulizie mshipi wa kusuka, ule mwembamba kabisa. Hauvutiki, na ni imara kuliko unene wake. Usiukate kwa mkasi wako mzuri wa vitambaa, utaufanya butu.

MamaShangaNyali:
Wa alaykum salaam mwanangu. Baharia kasema kweli, ila hata uzi wa kusuka utalika ukisuguana na chuma. Kwa hiyo kwenye bangili achana na chuma kabisa: upande mmoja weka kifungo cha kioo au ushanga mkubwa, upande wa pili kitanzi cha shanga ndogo. Kitanzi hicho kipitie kwa sindano mara tatu nne. Kutu haina pa kushika. Tena angalia shanga ndefu za bomba, midomo yake huwa kama wembe. Kila moja iwekee ushanga mdogo wa duara huku na huku.

Huo "mkeka" unaitwa mshono wa peyoti. Jaribu kwanza ukanda mwembamba. Funga ushanga mmoja mwishoni mwa uzi, wa kuzuia tu, utautoa baadaye. Tunga 12. Chukua wa 13, ruka wa 12, pitisha sindano ndani ya wa 11. Chukua mwingine, ruka wa 10, pitia wa 9. Endelea hivyo hadi mwanzo, kisha geuza. Hapo utaona meno, mmoja juu mmoja chini, na kila ushanga mpya unaingia kwenye pengo. Zile 12 za kwanza zinagawanyika kuwa safu mbili, ndiyo maana mwanzo hujipinda na kuudhi. Usifumue, vumilia safu chache zitulie. Anza na idadi shufwa. Ya witiri ina kona yake ya kugeuzia, utajifunza baadaye.

Namba za shanga zinakwenda kinyume: namba 11 ina kama milimita 2, namba 8 kama 3. Kwa haraka ya harusi chukua namba 8. Na zichague kabla ya kushona, nyembamba sana na nene sana weka kando. Za Japani huwa sawasawa zaidi, lakini bei yake utaisikia. Halafu bangili pana ipimie mkono kwa kulegeza, maana hubana kuliko kikuku chembamba cha urefu uleule.

kijana_kongowea:
Kwani hakuna vile vishanga vya chuma vya kubana kwa koleo? Dakika moja umemaliza.

MamaShangaNyali:
Vipo, ni vya kubania waya laini wa chuma uliovikwa plastiki. Kwenye mkufu vitafaa. Ukivibana juu ya uzi vitaukata.

shanga_na_leso:
Dada, hiyo nyekundu na dhahabu zijaribu kabla hujashona hata moja. Zisugue kwa kitambaa cheupe chenye maji, kisha chenye spiriti. Shanga zilizopakwa rangi kwa nje huchuja, na bi harusi atatoka jasho, hii ni Mombasa. Akipewa nguo nyeupe avae, lawama zote ni zako.

bint_kuze:
Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimeshona ukanda wa 12 kwa shanga za zamani, umetulia kweli. Kidhahabu kimechuja kwenye spiriti, nakirudisha kesho. Lingine, bei. Somo anasema "nifanyie ya kijirani".

MamaShangaNyali:
Shona urefu wa vidole viwili ukitazama saa, ndipo ukadirie bangili mbili zitakula siku ngapi. Mwambie bei ya shanga mbali na ya mikono. Ya shanga alipe yote kabla hujanunua. Ujirani mpunguzie kwenye mikono, tena kidogo.

kijana_kongowea:
Na picha utuwekee, bi harusi akikubali.